Bili ya laini za ofisi iliyonifuata miaka minne: uzoefu wangu na watu wa madeni, Arusha

Nianze kwa kukiri, maana najua mtaniuliza: ndiyo, nilikuwa nadaiwa. Sikusingiziwa. Dawa ya deni ni kulipa, hilo nimelelewa nalo. Ila dawa nayo ina kipimo chake, na mimi niliandikiwa dozi ya tembo. Deni la laki tano na ushee lilifika milioni moja na laki nane na mimi sijapiga simu hata moja. Naeleza lilivyopanda, na lilivyoshuka.

Nina kiofisi cha safari hapa Arusha. Magari mawili, moja langu, jingine la shemeji. Mwaka 2018 nilichukua laini tatu za kulipia mwisho wa mwezi, zile tunazoita laini za bili. Mbili za simu, kila moja 45,000 kwa mwezi, na moja ya ruta ya intaneti ya ofisini, 110,000. Laki mbili kamili kila mwezi. Kabla ya kukabidhiwa niliweka amana ya laki mbili nyingine, nikapewa risiti ya ile karatasi laini ya mashine. Mhasibu wangu wa wakati ule, dada mmoja mgumu kama kisiki, akakataa kuifaili ile risiti mpaka aitoe kopi. Nilimwona anapoteza muda. Ishikeni hiyo kopi, tutairudia.

Huduma yenyewe, kusema haki, ilikuwa nzuri. Ukiwa unaongea na mgeni aliyeko Ujerumani kuhusu safari ya watu sita, hutaki salio likukatie njiani. Dereva akiwa porini Ndutu usiku, gari limezama kwenye udongo mweusi, hutaki kusikia hana vocha. Kwa miaka miwili sikuwa na la kulalamika, ukiacha bili moja tu, ya mwishoni, ambayo nayo nitaifikia. Wakati inafanya kazi ningeipa nyota nne.

Halafu ikaja 2020. Machi wageni wakaanza kufuta safari mmoja baada ya mwingine, Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na hata ziliporuhusiwa tena Mei hakukuwa na mtu wa kupanda. Aliyekuwa Arusha wakati ule anaujua ule ukimya. Land Cruiser zimepangwa kwenye yadi zimefunikwa maturubai, madereva wanalima nyanya. Bili ya Machi sikulipa. Ya Aprili sikulipa. Tarehe 14 Mei ukaja ujumbe kwenye simu yangu binafsi kwamba huduma za laini zote tatu zimesimamishwa. Nikarudisha ufunguo wa ofisi kwa mwenye nyumba, nikaiweka ruta kwenye boksi chini ya kitanda, nikajua tumeachana.

Hapo ndipo nilipokosea. Wao kukusimamishia huduma si mkataba kuvunjika. Mkataba unavunjwa kwa barua, na mimi sikuandika barua. Mimi nalala nikijua tumeachana, kumbe mwenzangu bado anahesabu ada ya mwezi kwa laini ambazo yeye mwenyewe kazikata.

Simu ya kwanza ilikuja Juni 2024. Miaka minne! Nilikuwa Sakina kwenye kikao cha kipaimara cha mtoto wa dada yangu, tena ndiyo nimesimama kutoa ahadi ya laki moja, watu wanapiga makofi. Namba siijui. Nikatoka nje.

"Unaongea na kitengo cha madeni. Unadaiwa shilingi 1,855,700. Unalipa leo saa ngapi?"

Hakuna shikamoo, hakuna habari za asubuhi. Nikamuuliza deni la nini. Akanijibu, "Mama, deni lako unalijua." Nikamwambia kaka yangu, silijui, nitajie. Akataja jina la kampuni ya simu, akasema wao ni mawakala waliopewa kazi ya kukusanya, akakata. Nikarudi ndani kukaa karibu na watu walionisikia nikiahidi laki moja kwa mbwembwe.

Wiki ile nilipigiwa kwa namba nne tofauti. Meseji zikaanza kwa herufi kubwa, HATUA YA MWISHO, na hiyo hatua ya mwisho ilikuja mara tatu. Moja ikasema nitafuatwa na polisi. Nyingine ikasema dalali yuko njiani kuja kuchukua vitu. Hayo ningeyavumilia. Lililoniumiza ni pale dada aliyekuwa mapokezi kwangu enzi zile, sasa anauza vipodozi Mbauda, aliponipigia kwamba ameulizwa ninakoishi na kuambiwa mimi ni mdaiwa sugu. Kesho yake akapiga mzee mwenye nyumba wa ofisi ya zamani: "Mwanangu, mbona natafutiwa habari zako? Kuna neno?" Mzee wa watu sikumbakizia hata shilingi ya kodi, leo ananiuliza kwa sauti ya msiba.

Binamu yangu ni wakili. Nikamfuata ofisini na meseji zote. Alicheka kwanza, akanikera. Halafu akaniambia bili ya simu isiyolipwa ni jambo la madai, si jinai, kwa hiyo polisi hawana pa kuingilia. Dalali wa mahakama naye hawezi kutangulia hukumu, na hapa hata kesi haijafunguliwa. Nikamuuliza kama deni la 2020 halijapitwa na wakati. Akanitazama juu ya miwani. Kwa Sheria ya Ukomo, madai ya mkataba yana miaka sita. "Hujafika. Na usiingie kwenye hili kama mtu anayekimbia, ingia kama mtu anayetaka hesabu."

Kuhusu kuwapigia watu wengine aliniambia nitaje Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwamba sasa ipo tume ya kupeleka malalamiko ya namna hiyo. Nilikuwa nadhani sheria hiyo ni ya watu wa kompyuta. Kumbe deni langu nalo ni taarifa yangu, na mwenye nyumba wa zamani hana mkataba wala udhamini wowote kwenye laini zile.

Kijana wa madeni alipopiga tena nilikuwa nimejiandaa, kalamu mkononi.

"Kaka, sikatai kulipa. Nitumie kwa barua pepe mchanganuo wa bili mwezi kwa mwezi, na barua inayoonyesha kampuni ya simu imewapa kazi hii."

"Mama, mfumo unaonyesha jumla tu."

"Basi nitalipa jumla siku mfumo utakapoonyesha na sehemu zake. Na ukimpigia tena mtu mwingine kuhusu deni langu, nalalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba yako hii naiambatanisha."

Kimya. Halafu, kwa mara ya kwanza, akasema "sawa dada". Simu za kuwasumbua watu wengine zilikoma siku ile ile. Ila kabla hajakata akajaribu la mwisho: nitume hata laki mbili leo "kuonyesha nia", akanitajia namba ya kutumia. Nikaiweka kwenye simu kama mtu anayetaka kutuma, nilisome jina kabla ya kuthibitisha. Likaja jina la mtu. Si kampuni ya simu, si kampuni ya madeni, ni jina la mtu na la baba yake. Nikaghairi. Huenda ni utaratibu wao wa ndani, mimi sikukaa kuulizia.

Mchanganuo ulichukua siku kumi na tisa. Ulipokuja, niliusoma nikiwa nimesimama jikoni, maharage yakaungua.

Machi 2020, 200,000. Haki yao. Aprili, 287,000, na hiyo 87,000 ya juu ndiyo ile bili niliyosema nitaifikia. Dereva wangu mwishoni mwa Machi alikuwa Kogatende, kaskazini kabisa ya Serengeti, na wageni wa mwisho kabla ya kila kitu kufungwa. Kule ukiwa karibu na mpaka simu hudaka mtandao wa Kenya yenyewe, na kama data iko wazi, unahesabiwa romingi, yaani bei ya kutumia mtandao wa nchi nyingine. Yeye alikuwa anapakia picha za nyumbu. Niliikubali kwa uchungu na baadaye nikailipa, kosa ni letu. Mwenye laini ya bili anayepeleka gari Kogatende, Namanga au Tarakea, zima romingi kabla hujatoka mjini.

Kisha Mei hadi Oktoba, miezi sita, 200,000 kila mmoja: milioni moja na laki mbili. Laini zimekatwa Mei 14, ujumbe wao ninao kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, halafu nadaiwa ada mpaka Oktoba. Mwisho kabisa, "gharama za ukusanyaji" asilimia kumi, 168,700. Na amana yangu ya laki mbili? Haipo popote.

Nikaenda duka la huduma kwa wateja. Unachukua namba, unakaa, unaangalia tangazo lile lile la bando kwenye skrini mpaka unalikariri. Dada wa kaunta alikuwa na adabu lakini mikono imefungwa: "Hili limeshatoka kwetu, liko kwa mawakala." Nikamwambia mawakala wamesema liko kwenye mfumo wenu. Akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyesikia hilo mara ishirini leo. Nikamwomba anipokelee barua na anigongee muhuri kwenye nakala yangu. Hapo alisita, akaenda nyuma, akarudi, akagonga. Muhuri ule ulifanya kazi kuliko simu zote nilizopiga.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nakubali Machi, Aprili na nusu ya Mei. Nakataa baada ya hapo kwa sababu huduma mliisimamisha wenyewe, ushahidi huu hapa. Sioni gharama za ukusanyaji kwenye mkataba, nionyesheni kipengele. Nadai amana yangu ipunguzwe kwenye deni. Mwisho nikaandika kwamba nisipojibiwa nitapeleka lalamiko TCRA, mamlaka inayosimamia kampuni za simu; ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko hapa hapa Arusha. Utaratibu wao ni kwamba mtoa huduma aanze kupewa nafasi ya kushughulikia, ndiyo maana ya muhuri: bila huo huna cha kuonyesha kwamba ulianzia kwake.

Sasa ile kopi. Risiti yenyewe ya amana nilipoitoa kwenye faili ilikuwa nyeupe pee, maandishi yote yamepotea, unaona tu kivuli cha nembo ukiigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kopi ya mhasibu iko palepale, nyeusi inasomeka, na sahihi yake pembeni. Nilimpigia kumshukuru. Akauliza kama bado namdai kikombe.

Wiki ya tatu alipiga mama mmoja wa kampuni ya simu kutoka Dar, mtu mzima, sauti ya mtu aliyewahi kufundisha shule. Alinisalimia. Alikuwa na barua yangu mbele yake na alikuwa ameisoma. Tulipitia mstari kwa mstari: Juni hadi Oktoba ikafutwa yote, Mei ikawa nusu, gharama za ukusanyaji zikaondoka bila kelele, amana ikakatwa. Ikabaki 387,000. Akakubali nilipe mara tatu, 129,000 kila mwezi, kwenye akaunti ya kampuni yenyewe. Nikamwomba anitumie makubaliano kwa maandishi kabla ya senti ya kwanza, akatuma jioni ile. Kwa huyo mama peke yake natoa nyota tano. Kwa utaratibu wa kuachana na mteja natoa moja, na hiyo moja ni ya yule dada wa muhuri.

Wapo walioniambia nilipambana bure, kwamba ningenyamaza wangechoka. Labda. Wengine wamenichanganya na wale wa mikopo ya programu za simu, wanaotuma meseji kwa kila jina kwenye kitabu chako cha simu. Hao ni suala jingine, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni. Mimi sikukopa pesa, nilikuwa na bili. Lakini mbinu ya kumwaibisha mtu kwa majirani ni ile ile, wamesoma darasa moja.

Nilichoshindwa kurudisha ni namba. Namba ya ofisi bado iko kwenye kifuniko cha tairi la akiba la Land Cruiser yangu, rangi ya njano, herufi za kiganja kizima. Siku moja niliipiga. Akapokea kijana, nyuma yake kuku wanalia. Yuko Mbeya, kasajili laini yake kwa kitambulisho chake, hana habari na tembo wala simba. Akanilalamikia kwamba kuna Wazungu wanampigia usiku.

Barua ya kutodaiwa ilikuja Desemba baada ya awamu ya tatu. Niliitoa kopi tatu. Februari ikaingia simu ya kampuni nyingine ya madeni, binti mchangamfu, anataka 1,855,700 zilezile. Sikubishana. Nilipiga picha ile barua nikamtumia. Baada ya dakika kumi akajibu, "Sawa mama, samahani kwa usumbufu." Namba yake nimeihifadhi: Madeni wa Pili.