Tahadhari kwa wanaotafuta Honda ndogo za zamani Tanga

Ndugu zangu wa Tanga, Muheza, Pangani na jirani, ninaandika tahadhari hii kwa sababu katika miezi mitatu iliyopita nimekutana na watu wawili walioumizwa na muuzaji yuleyule aliyeniumiza mimi, na wa tatu nimemkuta akiwa ameshatoa amana. Jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa malalamiko yangu yako polisi na sipendi kuyaharibu kwa maneno ya pembeni. Nitakachoeleza ni namna anavyofanya kazi, ili atakayekutana naye amtambue kwa mwenendo wake.

Mimi si fundi. Ni mwalimu, na kwa muda mrefu nimetamani kupata Honda C70, zile pikipiki ndogo za kiki ambazo wazee wetu walizitumia kwenda shamba na kubebea mikungu ya ndizi, niikarabati mwenyewe jioni baada ya kazi, kisha niibadilishe kidogo kwa ladha yangu: kiti cha mtu mmoja, usukani mfupi, rangi ya maziwa. Nilipoona picha za pikipiki nyekundu inayong'aa, na maelezo kwamba kazi kubwa imeshafanyika na mnunuzi atabakiza kuipamba tu, niliona kama nimeandikiwa mimi. Bei ilikuwa shilingi 950,000. Tulikubaliana nitoe 700,000 siku ya kuichukua na 250,000 nikishakabidhiwa kadi halisi ya umiliki wa pikipiki.

Alinipangia tuonane Ngamiani baada ya magharibi, akisema mchana huwa kwenye shughuli zake. Nilipofika, injini ilikuwa tayari inaunguruma. Alipoizima na kuiwasha tena ilishika kwa kiki moja, taa ya mbele ikamulika ukuta mzima wa ng'ambo ya barabara, honi ikalia kwa nguvu, na moshi haukuonekana kabisa. Nilisogeza mkono karibu na silinda nikahisi joto kali. Laiti ningejua wakati ule kwamba injini iliyopashwa moto kabla ya mteja kufika haimwambii mteja chochote! Pikipiki yenye ringi za pistoni zilizokwisha au kabureta mbovu hukataa au husumbua ikiwa ya baridi, na hapo ndipo inapopaswa kujaribiwa, asubuhi, mbele ya macho yako, na mtu wa kwanza kuigusa kiki awe wewe.

Taa ile ilidumu siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa hafifu kama kibatari, siku ya nne honi ilikohoa tu. Nilinunua mita ya umeme, nikafungua kifuniko cha pembeni, na hapo nikajifunza jambo ambalo sikulijua: C70, na C50 ambayo ni ndugu yake mwenye injini ndogo zaidi, nyingi za miaka ya 1970 hutumia umeme wa volti 6. Huyu bwana alikuwa ameweka betri ya volti 12 pamoja na globu za volti 12, kisha akaunganisha taa ya mbele moja kwa moja na betri, ilhali koili ya kuchaji ilikuwa ileile ya volti 6, ambayo haina uwezo wa kuijaza betri ya namna hiyo. Niliwasha injini, nikazungusha mkono wa mafuta huku nikiitazama mita. Namba haikupanda hata kidogo. Alikuwa ameichaji betri nyumbani ili imulike jioni ya mauzo, na ndiyo sababu, nadhani, ya kupenda magharibi. Kwa hiyo mkikagua pikipiki ya aina hii, someni maandishi ya betri, muulize mfumo ni wa volti ngapi, na mpime betri injini ikiwa imezimwa kisha ikiwa inakimbia. Ikiwa namba haipandi, mwangaza mnaouona ni wa kuazima.

Ukosefu wa moshi nao ulikuwa na siri yake. Gia zilikuwa zikiingia kwa kugonga, nikampelekea fundi mmoja mzee wa Makorora. Hakufungua hata spana, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakisugua kati ya vidole viwili, akakinusa, akaniambia, "Mwanangu, hii ni oili ya difu." Oili hiyo ya difu za magari, nzito kiasi hicho, huziba kwa muda nafasi iliyoachwa na ringi zilizolika, na pia huzima kelele za vyuma vilivyolegea. Tatizo ni kwamba klachi ya Honda hizi inaogelea katika oili hiyohiyo ya injini, kwa hiyo ikiwa nzito mno, sahani za klachi haziachiani vizuri. Tulipoimwaga na kuweka oili ya kawaida ya injini, moshi wa bluu ulijaa uani mpaka majirani wakatoka kuuliza kunachomwa nini.

Tukaamua kufungua hedi. Mzee alichukua kalipa, akapima pistoni, akanionyesha bila kusema neno: milimita 39. Hiyo ni pistoni ya C50. Ya C70 ina milimita 47, na kwa kuwa mwendo wa pistoni katika injini zote mbili ni milimita 41.4, kwa nje zinafanana mno, hasa kwa mtu mgeni kama mimi. Nilikuwa nimenunua injini ya cc 49 iliyobandikwa stika ya 70. Honda ilianza kuunda jamii hii ya Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimeshavuka milioni 100 duniani, kwa hiyo vyuma vyake vimezagaa na vingi vinaingiliana. Mtu mwenye subira anaweza kuunganisha pikipiki moja kutoka kwa mizoga mitano. Hilo si kosa iwapo mnunuzi ameambiwa. Mimi sikuambiwa.

Lililoniuma zaidi ni fremu. Fremu ya Honda hizi ni mabati yaliyokandamizwa na kuunganishwa, yenye uwazi ndani, na sehemu ya madigadi ya nyuma ni fremu yenyewe. Tope linalorushwa na gurudumu hujikusanya ndani, na kwa hewa yetu ya chumvi hapa pwani kutu hula taratibu kutoka ndani kwenda nje. Nilichukua sumaku ya spika mbovu, nikaipitisha juu ya ile rangi nyekundu. Mbele ilinasa vizuri. Nilipofika karibu na mahali shokapu ya nyuma inapofungwa, sumaku ilidondoka chini. Nikairudisha, ikadondoka tena. Nilikwangua kwa msasa, ikatoka puti, ile ya kuzibia mabati kabla ya rangi, vidole viwili vya unene, na nyuma ya puti kulikuwa na gazeti lililokunjwa likiwa limeshindiliwa mahali ambapo zamani palikuwa na bati. Sehemu hiyo ndiyo inayobeba uzito wa mtu aliyeketi. Nilikuwa nimempakia mwanangu mara mbili.

Sumaku haigharimu kitu, ndugu zangu. Mwende nayo, na muuzaji atakayewakataza kuipitisha kwenye rangi yake mpya kwa kisingizio kwamba itachubuka, muachieni na pikipiki yake.

Baada ya hapo nikapata wasiwasi na namba. Namba ya injini ya C70 huanza na herufi C70E. Yangu ilianza hivyohivyo, lakini nilipoisafisha kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, chini yake ilionekana mistari ya tupa, na tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimegongwa kwa mshazari. Kadi alikuwa amenitumia kwa picha ya simu tu, kila siku akiniahidi kwamba ile halisi iko kwa shemeji yake Korogwe. Nilipokwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kuulizia utaratibu wa kubadilisha umiliki, nikaambiwa kadi hiyo ni ya pikipiki ya aina nyingine kabisa. Kwa maneno mengine, chombo nilichonacho hakina karatasi, na sina hakika kilitoka kwa nani. Ndiyo maana nilikwenda polisi mwenyewe kabla ya mtu mwingine kunipeleka.

Kuhusu spea sitarefusha. Alinichukulia shilingi 180,000 zaidi kwa platini, kabureta na seti ya ringi "halisi za Japani". Maboksi yalikuwa halisi. Vilivyokuwa ndani havikuwa.

Nilipompigia simu kumweleza haya yote, hakukasirika. Aliniita mwalimu wake, akaniombea dua, akasema hati yetu ya mauziano inasema nimeikagua na kuridhika, na kweli inasema hivyo, kwa mwandiko wake na sahihi yangu. Basi anayelazimika kuandikiana na muuzaji yeyote wa vyombo hivi ahakikishe hati inataja namba ya fremu na namba ya injini kama zilivyosomwa kwenye chuma, jina la muuzaji liwe ndilo lililo kwenye kadi, na pesa isitoke mfukoni kabla kadi hiyo haijashikwa mkononi na kuhakikiwa TRA.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Muheza alinionyesha picha za pikipiki anayotaka kununua, Honda ya samawati, bei ileile, na miadi ileile ya baada ya magharibi. Katika picha moja, pembeni ya gurudumu la nyuma, inaonekana zulia la plastiki lenye maua ya njano ambalo nililikanyaga mimi siku nilipohesabu zile 700,000. Amana ya kijana huyo ni 200,000 na bado hajarudishiwa.