Kiatu Hakinasi Kwenye Pedeli? Nunua Kuanzia Kitu Kidogo

Mwaka jana nilinunua pedeli mpya za baiskeli kwa sababu kiatu changu cha kulia kilikuwa kimegoma kunasa. Pesa ile ilipotea bure. Kiatu kiliendelea kuteleza juu ya pedeli kama nakanyaga sabuni, hasa pale nilipohitaji kuondoka haraka kwenye taa, mpaka siku fundi mmoja hapa Arusha alipokivua, akakigeuza, akakitazama kimya kwa muda, kisha akaomba kisu. Alikata vipande viwili vya mpira wa soli, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi. Nikapanda, nikakanyaga: tak!

"Kaka, ungeniletea kiatu kwanza," akasema. "Pedeli ingesubiri."

Kwa hiyo mwongozo huu unapanga manunuzi kwa utaratibu ambao ningeufuata leo, kuanzia kisichogharimu kitu hadi kinachouma mfukoni. Wengi tunaanzia juu.

Tuelewane majina. Kliti ni kile kibati kinachofungwa chini ya soli. Ndicho kinachonasa kwenye pedeli. Ziko familia mbili kubwa. Kliti ya bolti mbili ni ndogo, ya chuma, imezama katikati ya soli yenye meno ya mpira, na unaweza kwenda nayo gengeni ukanunua nyanya. Kliti ya bolti tatu ni pana, mara nyingi ya plastiki, imejitokeza chini ya soli ngumu, na ukiivaa unatembea kama bata. Familia ya bolti mbili inaongozwa na SPD ya Shimano, iliyotoka mwaka 1990. Ile nyingine ilianza na Look ya Ufaransa mwaka 1984. Mwaka uliofuata Bernard Hinault, mwendesha baiskeli wa Ufaransa, alishinda nazo Tour de France, na mikanda ya kufungia miguu kwenye pedeli ikaanza kuaga mashindano.

Kliti ya familia moja hainasi kwenye pedeli ya nyingine, na hata ndani ya familia hazichangamani. Keo ya Look haiingii kwenye pedeli ya Delta ya Look hiyo hiyo, wala SPD-SL, ile kliti ya bolti tatu ya Shimano, haiingii kwenye Keo, ingawa kwa macho ni tumbo moja. Binamu yangu aliyeko Marekani alihangaika wiki nzima na baiskeli yake ya mazoezi ya nyumbani, aina ya Peloton, ambayo inatumia Delta, kumbe kwenye kiatu amefunga Keo. Hapo hata ukanyage mpaka jasho likutoke, hakuna kitu.

Kabla hujatoa hata shilingi

Vua kiatu ukigeuzie mwangani. Chokonoa tope kwenye kliti kwa ncha ya spoki kuukuu, pamoja na lile lililojaa ndani ya vichwa vya bolti, maana bila hivyo alenki (ufunguo wa pembe sita) haitakaa sawasawa na utaviringa vichwa. Kisha itikise kliti kwa vidole. Ikicheza, umeshapata mgonjwa wako. Tena kliti iliyolegea ina ubaya wa pili: inaweza kunasa halafu isichomoke, kwa sababu ukigeuza kisigino inazunguka pamoja na mguu badala ya kuachia. Mimi nililala ubavu kwa namna hiyo mbele ya daladala lililojaa, baiskeli ikiwa imesimama kabisa, konda akaniambia, "Si ungepanda tu gari."

Sasa chukua chaki ya shule ya mwanao. Paka meno ya soli yaliyoizunguka kliti, paka na kliti yenyewe, vaa kiatu, kanyaga kwa nguvu mara mbili tatu huku umeshika ukuta. Vua utazame. Chaki ikiwa imefutika kwenye meno lakini iko bado kwenye kingo za kliti, basi ni mpira unaogota kwenye mwili wa pedeli kabla chuma hakijafika. Hapo ndipo kisu kinapoingia kazini. Kata kidogo kidogo, milimita moja halafu ujaribu, maana mpira ukishakatwa haurudi. Viatu vingi vya bolti mbili vinatoka dukani hivi, soli nene na kliti imezama mno, na muuzaji hatakwambia kwa sababu naye hajawahi kuvivaa.

Baada ya hapo njoo kwenye springi. Pedeli nyingi za SPD zina skrubu ndogo ya alenki ya milimita 3 yenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Zungusha kuelekea kutoa hadi karibu na mwisho, ila usiing'oe. Pedeli ya pande mbili kama PD-M520 ina skrubu nne kwa jozi, na kosa la kawaida ni kulegeza mbili za juu na kusahau zilizoangalia chini. Matokeo yake siku nyingine inanasa, siku nyingine hainasi, unaanza kudhani umelogwa. Weka tone la mafuta mepesi kwenye springi, ufute yanayobaki. Mafuta ya kula hapana. Yanakamata vumbi yakawa gundi.

Na mguu wenyewe una lawama. Wengi wanakanyaga kwa katikati, moja kwa moja kwenda chini, wakati kliti inataka kutangulia kwa ncha ya mbele: telezesha mbele ikamate, ndipo ukandamize. Kama una mwili mwepesi, kilo 50 na ushee, fanya hivyo krenki (mkono unaobeba pedeli) ikiwa chini kabisa ili uzito wote uwe juu ya mguu huo. Ukinasa hapo kila mara, vifaa ni vizima. Kinachokosekana ni mazoezi.

Nafasi ya kwanza: kliti mpya

Kama usafi na kisu havikusaidia, hapa ndipo pesa yako ya kwanza iende. Kliti ni sehemu ndogo ya bei ya pedeli, na ndiyo inayolika. Ipitishe kucha kwenye ukingo wa mbele. Ya chuma iliyochoka ina ukingo uliokonda, au vinundu vya chuma kilichobanwa vikajikunja, na vinundu hivyo ndivyo vinavyogoma kuingia. Ya plastiki inachakazwa na kutembea kuliko kuendesha. Ngazi mbili tatu za zege kila siku zinatosha kuimaliza, ndiyo maana wenye busara hubeba vifuniko vya mpira.

Kwa SPD kuna uchaguzi wa kweli. SH51 ni nyeusi na inaachia ukigeuza kisigino pembeni tu. SH56 ni ya rangi ya fedha na inaachia pande nyingi zaidi, hata ukivuta mguu kwa kuupindisha juu. Namba imeandikwa kwenye kliti yenyewe, isome kabla hujalipa. Kwa anayehangaika kunasa nampa SH56 bila kusita. Siyo kwamba inaingia kirahisi sana kuliko ile nyingine. Ni kwamba asilimia kubwa ya tunaoshindwa kunasa tunakanyaga nusu nusu kwa hofu ya kutotoka, na kliti haisikii nusu. Hofu ikipungua, mguu unashuka na uzito wake wote. Kasoro yake ni kwamba ukivuta pedeli juu kwa nguvu kwenye mlima, inaweza kukuachia usipotaka.

Kwa bolti tatu, angalia rangi, na hapa kuna mtego. SPD-SL nyekundu haina mchezo wowote, yaani nafasi ya kisigino kugeuka kidogo kabla kliti haijaachia: nyuzi 0 za pembe. Ya bluu ina 2, ya njano 6. Keo ya Look ni kinyume: nyeusi ndiyo 0, ya kijivu 4.5, nyekundu ndiyo yenye mchezo mkubwa kuliko zote, 9. Mtu akikwambia "chukua nyekundu", muulize ya nani. Anayeanza achukue yenye mchezo mkubwa, kwa ajili ya magoti yake.

Unapofunga, paka grisi kwenye nyuzi za bolti na ukaze kwa nyutoni-mita 5 hadi 6. Kliti mpya huwa ngumu siku za mwanzo, usikimbilie kuirudisha dukani.

Nafasi ya pili: kibati cha kunyanyulia

Ni kipande chembamba, milimita moja hivi, kinachokaa kati ya kliti na soli ili kuisogeza kliti chini kidogo. Kinafanya kazi ile ile ya kisu bila kuharibu kiatu, kwa hiyo kinafaa kama kiatu ni kipya na roho inakuuma kukikata. Hakikisha tu bolti bado zinashika nyuzi za kutosha. Zikiwa fupi, nunua ndefu kidogo.

Nafasi ya tatu: pedeli

Sasa tumefika pale nilipoanzia mimi kimakosa. Kama chaki, kisu na kliti vyote vimeshindwa, au springi imelegea kiasi cha kutorudi, badilisha pedeli. Hivi ndivyo ninavyozipanga kwa mtu ambaye shida yake ni kunasa.

Juu kabisa naweka SPD ya pande mbili, daraja la PD-M520. Huhitaji kuitafuta iko upande gani, springi inalegezwa, na ukiharibikiwa Moshi au Nairobi utampata mtu mwenye kliti zake. Zipo za kampuni nyingine zinazosema zinachangamana na SPD, na nyingine ni nzuri kweli, lakini tumia kliti zilizokuja nazo kwenye boksi. Kuchanganya za huku na za kule ndiko kunakoleta "inanasa nusu".

Ya pili ni kwa wenye matope. Ukiendesha njia za Ngaramtoni wakati wa masika unajua udongo wa Meru unavyoganda. SPD inajaa kama kibaba. Eggbeater ya Crankbrothers imefanana na mwiko wa kupigia mayai, ina sehemu nne za kuingilia na tope halina pa kukaa. Springi yake hairekebishwi, ila unaweza kuchagua kuachia kwa nyuzi 15 au 20 kwa kubadilishana kliti ya kulia na ya kushoto. Kliti zake ni za shaba ya njano, laini kuliko chuma, kwa hiyo zinalika mapema. Nunua jozi mbili kabisa. Time ATAC nayo ni ya ukoo huo wa kustahimili tope, na kuingia kwake ni laini. Kama isingekuwa taabu ya kupata vipuri vyake huku kwetu, ningezipandisha hizi juu.

Ya tatu ni pedeli yenye SPD upande mmoja na bapa upande wa pili, kama PD-EH500. Kwa mjini ni raha, unaenda na ndala hadi dukani. Lakini kwa shida yetu hii inaongeza shida nyingine: kwenye taa unakanyaga, unakuta ni upande bapa, unageuza, gari nyuma linapiga honi.

Ya nne ni za barabarani, SPD-SL na Keo. Tangu mashindano ya dunia ya barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, vijana wengi ninaoendesha nao wanazitaka hizi. Ni nzuri, zinashika mguu mzima, na kwa safari za lami za saa nne sina neno. Ila zina uso mmoja tu. Zinategemea uzito wa nyuma ili ncha ya mbele ining'inie ikitazama juu, tayari kwa kliti. Beringi zikikauka au kubana, pedeli inabaki imelala pale ulipoiachia na unakanyaga mgongo wake. Kabla ya kununua iliyotumika, izungushe kwa kidole uone kama inarudi kwenye mkao wake.

Speedplay inakaa mwisho. Ni pedeli ya pande mbili, ndogo kama pipi ya kijiti, na katika hali safi ndiyo rahisi kuliko zote za barabarani. Tatizo ni kwamba springi iko ndani ya kliti, chini ya kiatu, yaani mahali unapokanyagia mchanga. Kwa barabara zetu, hapana.

Nafasi ya mwisho: viatu

Viatu nunua mwisho, na mitumba haina aibu. Pale soko la Memorial, Moshi, ukiamka mapema, unapata viatu vya baiskeli vilivyovaliwa mara tatu Ulaya vikaachwa. Hesabu matundu chini ya soli yalingane na pedeli zako. Kunja soli kwa mikono: ikikunjika kama raba ya kawaida, mguu utajikunja pia kabla kliti haijaingia. Toa soli ya ndani utazame kibati kinachopokea bolti kama kipo na kama nyuzi zake ni nzima. Nenda na alenki ya milimita 4 mfukoni, jaribu kufungua kliti ya zamani hapo hapo. Ikigoma, na kichwa cha bolti kimeshaviringika kwa kutu, rudisha kiatu juu ya rundo, hata kama muuzaji ameshakupunguzia.