Niliagiza marimba, nikaletewa zailofoni

Mwaka jana niliagiza marimba kutoka duka moja la Nairobi, ya kusindikiza watoto ninaowafundisha kuimba hapa Langoni, Lamu. Mzigo ukafika Mokowe, ukavuka kwa boti, mahamali wakausukuma kwa mkokoteni hadi mlangoni. Nikagonga kibao cha kwanza: sauti kali, kavu, imekatika hata mtoto hajavuta pumzi. Ilikuwa zailofoni.

Kwa macho tu si rahisi kuzitofautisha. Zote zina vibao vya mbao na mabomba chini yake. Basi fanyeni hivi kabla ya kulipa: gusa katikati ya kibao kwa ncha ya kidole, bila kukandamiza, kisha gonga karibu na ncha yake. Sauti kubwa inafifia, inabaki ile nyembamba iliyojificha ndani. Kwenye marimba ni noti ile ile, oktavi mbili juu (oktavi ni umbali wa do hadi do ya juu yake). Kwenye zailofoni nzuri ni noti nyingine: ukigonga do, inabaki sol ya oktavi inayofuata. Siri iko tumboni mwa kibao. Cha marimba huchongwa kikawa chembamba zaidi katikati. Jirani yangu seremala alipokipindua kibao aliliona hilo kabla sijamweleza.

Tena zailofoni hulia oktavi moja juu ya noti iliyoandikwa. Kwa ngoma ya uwanjani ni nzuri mno. Kwa watoto wanane chumbani inawafunika.

Duka lilikubali kubadilisha, ila nauli zote zikawa juu yangu, na hilo liliniuma. Marimba iliyokuja ni ya paduki, mti wa jamii moja na mninga. Sauti yake ya chini ni nene, inakaa chini ya sauti za watoto kama mkeka. Igongeni kwa mikwiro iliyozungushiwa uzi. Ile migumu ya plastiki iacheni kwa zailofoni, itavitia vibao vya marimba mashimo.

Vibrafoni, ndugu yao yenye vibao vya alumini na kanyagio, niliijaribu mara moja tu: tamu, lakini mlio wake unaelea mno kwa maneno ya wimbo.

Walio pwani kama mimi, glokenshpili, ala ndogo ya vibao vya chuma, msiiache dirishani. Yangu ilishika kutu kwa chumvi ya bahari. Marimba naifunika kwa shuka nzito kila jioni, na masika ikiingia naisogeza mbali na ukuta wa matumbawe, maana unatoa unyevu na mbao zikinywa maji sauti inashuka.