Uzoefu wangu na betri kavu ya sola: ya kwanza ilifura, ya pili naipenda

Nimeshatumia betri kavu mbili za volti 12, Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweka) kila moja, za aina moja na kutoka duka moja. Ya kwanza ilikufa kwa miezi tisa. Ya pili inaingia mwaka wa pili na bado ina nguvu zake. Naandika kwa sababu tofauti yao haikuwa kiwandani. Ilikuwa kwangu nyumbani.

Nakaa Wete, na barazani kwangu nasomesha watoto Kurani baina ya magharibi na isha. Umeme wetu Pemba tangu 2010 unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Tumepata afueni kubwa, lakini kukatika unakatika, na watoto thelathini hawawezi kusoma kwa tochi ya simu. Nikaweka paneli juu ya bati, chaji kontrola (kifaa kinachopima chaji inayotoka kwenye paneli kuingia kwenye betri), taa sita na feni mbili. Betri niliifuata Unguja, laki nne na nusu, nikarudi nayo kwa boti. Ina uzito wa karibu kilo 30, basi msiinyanyue peke yenu kama mnaujali mgongo.

Muuzaji aliniambia: "Chukua hii kavu, Bi Mwalimu. Haina maji, haimwagiki, weka popote utakapo."

Hilo la "weka popote" ndilo lililoniponza. Ndani ya betri kavu mna tindikali ile ile ya betri ya gari, ila imefyonzwa na mikeka myembamba ya nyuzi za kioo iliyobanwa baina ya sahani za risasi. Na juu mna vali ndogo za mpira. Ukiichaji kupita kiasi, maji yaliyomo ndani yanageuka gesi, presha inapanda, vali zinafunguka. Gesi inayotoka ni haidrojeni. Haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya mahali palipofungwa, cheche moja inatosha kuiripua. Mimi nilikuwa nimeiweka ndani ya kabati la mbao, juu karibu na bati, nikatia na kufuli ili watoto wasiiguse. Nilidhani ndiyo usalama.

Mwezi wa tisa tangu niifunge, alasiri moja ya kaskazi, nikasikia harufu ya mayai viza. Nilitafuta jikoni, nikatafuta uwani, kumbe inatoka kabatini; si ile haidrojeni isiyo na harufu, ni gesi ya tindikali iliyopata moto kupita kiasi. Nilipofungua, joto lilinipiga usoni. Betri imefura ubavu huu na huu kama bunju aliyetolewa majini, na kwenye kona ya kifuniko pana unyevu. Nikaufuta kwa pembe ya kanga niliyojifunga.

Fundi alipofika, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, toa watoto wote nje, na mtu asiwashe kitu wala asizime." Alifungua madirisha, akachomoa waya za paneli kwanza, kisha ndiyo za betri. Kabla ya hapo alivua pete na saa, akaizungushia spana yake utepe wa mpira mpaka kwenye shingo. Alinionyesha spana nyengine mkobani, imeliwa ubavuni kijipande cha ukubwa wa punje ya hindi. Iligusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja, chuma kikayeyuka mkononi mwake papo hapo. Volti 12 haikurushi ukiishika, na ndiyo maana watu wanaidharau, lakini mkondo wake ukipata njia ya mkato unachoma nyama.

Mita yake ilikuwa imesoma volti 15.2. Kontrola ilikuwa imewekwa kwa betri ya maji, ile ya kuongezwa maji, na hakuna aliyeniambia kama inabadilishwa. Ubavuni mwa betri pameandikwa wazi, kwa Kiingereza na maandishi madogo: volti 14.4 hadi 14.7 wakati wa kuchaji, 13.5 hadi 13.8 ikishajaa. Hesabu hizo ni za joto la nyuzi 25. Chini ya bati letu inazidi 35, na kila nyuzi 10 zikizidi, umri wa betri unapungua kama nusu. Betri ikipata moto inavuta chaji zaidi, ikivuta zaidi inazidi moto, na mzunguko huo hausimami wenyewe.

Kanga niliifua siku ya pili. Ikatoka na matundu saba, kama iliyoliwa na mende. Ingekuwa jicho la mtoto je? Tindikali ikikugusa, maji mengi ya kumiminika, jichoni si chini ya dakika 15, kisha hospitali. Usingoje ianze kuwasha.

Kisha akaja shemegi yangu, mvuvi, anaitaka ile mbovu aivunje ayeyushe risasi atengeneze chubwi za mishipi. Nampenda na najua bei ya chubwi, lakini nilimkatalia. Moshi wa risasi na vumbi lake huingia mwilini mwa mtoto bila dalili yoyote na kumharibu akili, na uwani kwake wanacheza watoto watano. Tuligombana kidogo. Betri niliirudisha Unguja kwa wanunuzi wa betri chakavu wanaopima kwa kilo, nimeifunika vichwa kwa utepe na imesimama wima safari nzima.

Ya pili nimeiweka chini, sakafuni juu ya ubao, upande wa kivuli, ndani ya kizimba cha wavu. Hewa inapita, mikono ya watoto haipiti. Kontrola nimeiweka 14.4, ikishajaa 13.6. Pana fyuzi kwenye waya wa chanya, shubiri moja tu kutoka kwenye betri. Feni moja inazimwa mita ikifika 12.2, kwa sababu betri hizi zikikamuliwa kupita nusu hazidumu. Ramadhani tulipofunga chuo sikuiacha bila chaji, maana ikikaa tupu sahani zinaganda chumvi na hairudi tena kama ilivyokuwa.

Betri yenyewe naipa nyota nne. Hainuki, haihitaji kuongezwa maji, na watoto wanasoma mpaka isha. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya muuzaji. Nilirudi dukani kwake nikamwomba abandike karatasi moja tu ya Kiswahili: haifungiwi kabatini, na kontrola ibadilishwe. Aliniahidi. Mwezi uliopita jirani yangu kanunua pale pale, nikaenda kumtazamia. Karatasi hakuna, na betri ilikuwa mvunguni mwa kitanda cha mtoto. Tuliitoa usiku ule ule.