Alumini, magnesi au bati la juu? Kuikagua "bodi ya chuma" ya laptopu

Kwenye maduka ya laptopu zilizotumika, iwe Kariakoo au Moi Avenue, "bodi ya chuma" hutajwa kama sifa moja na bei hupandishwa kwa ajili yake. Maneno hayo yanaweza kumaanisha bamba la alumini lililochongwa kwa mashine hadi likawa bodi nzima. Yanaweza pia kuwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesi iliyoshindiliwa kwenye kalibu, au bati jembamba la alumini lililobandikwa juu ya plastiki ili kifuniko king'ae. Vitu hivyo vitatu havichakai kwa namna moja wala havitengenezeki kwa namna moja. Na kabla hata ya kuuliza ni chuma gani, uliza bawaba zimefungwa kwenye nini, maana hapo ndipo laptopu nyingi hufia.

Kila unapoinua kioo, nguvu ya mkono hupita kwenye skrubu mbili, tatu au nne za kila bawaba. Kwenye bodi ya plastiki, skrubu hizo hushikwa na nati ndogo za shaba zilizozamishwa kwa joto ndani ya vijiguzo vya plastiki. Bawaba ikikaza kwa uchafu na grisi kukauka, plastiki huchoka, nati hung'oka na kijiguzo chake, na kona ya bodi hupanuka kila kioo kinapoinuliwa. Kifuniko cha alumini hakizuii hilo hata kidogo. Laptopu nyingi za bei ya kati zinazosifiwa kuwa za chuma ndivyo zilivyo: alumini juu, labda na pale viganja vinapokaa, lakini bawaba zimeshikwa na plastiki.

Ukiwa dukani, fungua kioo polepole hadi kisimame wima, jicho lako likiwa kwenye kona ya nyuma. Ukiona mwanya unaotosha kupitisha kadi ya laini ya simu kati ya sehemu ya juu na ya chini ya bodi, nati zimeshaanza kutoka. Gundi ya epoksi ya tyubu mbili inaweza kurudisha nati mahali pake, ikiwa plastiki imekwaruzwa kwanza ipate pa kushika, grisi imefutwa kwa spiriti, na gundi imeachwa saa 24 bila kuguswa. Lakini kazi hiyo haidumu kama bawaba yenyewe haijalegezwa. Bawaba nyingi zina nati ndogo mwishoni mwa mhimili. Ilegeze robo mzunguko tu, ujaribu, ndipo uamue kama inahitaji zaidi.

Sasa alumini. Apple walileta MacBook na MacBook Pro za bamba moja lililochongwa Oktoba 2008, na tangu hapo macho ya wanunuzi yamezoea kwamba laptopu nzuri ni ile yenye rangi ya fedha na ubaridi mkononi. Sifa hiyo ina msingi. Hesi za skrubu za bawaba (mifereji inayoshika skrubu) zimekatwa ndani ya chuma chenyewe, hakuna nati ya kung'oka. Juu ya alumini kuna ngozi ngumu ya oksaidi iliyokuzwa kwa umeme, ambayo si rangi iliyopakwa, kwa hiyo haibanduki kama rangi.

Udhaifu wake ni kwamba alumini hubonyea na hubaki imebonyea. Laptopu ikianguka kwa kona, ukingo hukunjika kuelekea ndani, na kwenye kifuniko kona hiyo huendelea kusukuma kioo. Kioo kinaweza kupasuka baadaye, mtu akiwa anafunga tu. Kwa hiyo kagua kona nne za kifuniko kwa ncha ya kidole kabla ya kuangalia jambo jingine lolote. Bodi isiyolegea ina shida nyingine: betri ikivimba haina pa kwenda, hivyo husukuma padi ya kipanya, ile ya kugusa iliyo mbele ya kibodi, kutoka chini. Padi isiyobofya, au iliyopanda juu kidogo upande mmoja, ni dalili ya betri iliyovimba. Betri hiyo itolewe, isitobolewe wala kukandamizwa.

Magnesi ndiyo inayoonewa sana sokoni. Magnesi hula kutu upesi ikiachwa wazi, kwa hiyo lazima ifunikwe kwa rangi au koti jingine. Ikishapakwa rangi nyeusi isiyong'aa, mnunuzi huigonga kwa ukucha, anasema "hii plastiki," na kuirudisha mezani. Hivyo ndivyo ThinkPad X1 Carbon, yenye magnesi kwenye bodi na nyuzi za kaboni kwenye kifuniko, inavyopitwa na laptopu yenye bati la alumini juu na plastiki chini. LG Gram pia ni ya magnesi, na ile ya inchi 14 imewahi kutolewa ikiwa na gramu 999 tu. Ukiishika unadhani haina betri ndani.

Hesabu yake ni hii. Alumini ina uzito wa gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, na aloi ya magnesi inayotumika sana, AZ91D, ina takriban 1.8. Kwa unene uleule magnesi hupinda zaidi, maana ugumu wake ni gigapaskali 45 dhidi ya karibu 70 za alumini. Lakini uzito uliookolewa unaweza kuurudisha kama unene. Kwa uzito uleule bamba la magnesi huwa nene karibu mara moja na nusu, na kwa kuwa ukinzani wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa unene kipeo cha tatu, linakuwa gumu karibu mara mbili ya lile la alumini. Mtengenezaji akiamua kuokoa uzito peke yake, akaacha bamba jembamba, utaiona kibodi ikizama unapobonyeza katikati. Jaribu hilo pia dukani: bonyeza kwa kidole gumba kati ya G na H.

Magnesi iliyomiminwa haibonyei kama alumini, ikizidiwa hupasuka. Hesi zake nazo ni dhaifu. Skrubu ndogo za chini zikazwe hadi zishike, kisha basi, kwani ukiongeza nguvu utasikia zinazunguka bure. Na fundi anayetaka kupanua tundu au kusaga ukingo wa bodi ya magnesi kwa mashine aache kabisa. Vumbi na vipande vyembamba vya magnesi hushika moto, na maji huuchochea moto huo badala ya kuuzima. Huzimwa kwa mchanga mkavu.

Titani ilijaribiwa kwenye laptopu ya Apple, PowerBook G4 ya Januari 2001. Rangi ya fremu yake ilibanduka, bawaba zikavunjika, na mawimbi ya intaneti isiyo na waya yakazuiwa na chuma. Mwaka 2003 Apple walihamia alumini. Somo la antena bado lipo: kila bodi ya chuma kamili inahitaji dirisha lisilo la chuma, mara nyingi ukanda wa plastiki kwenye bawaba au ukingo wa juu wa kifuniko. Ukibadilishiwa kifuniko na intaneti ikadhoofu, kagua kwanza kama waya za antena zilirudishwa mahali pake.

Kuhusu joto, alumini hulisambaza vizuri kuliko magnesi, na plastiki karibu haisambazi. Lakini chuma chenye joto huhisiwa mkononi kuwa cha moto zaidi kuliko plastiki yenye joto lilelile, kwa sababu hulimwaga upesi kwenye ngozi. Usiihukumu laptopu ya alumini kwa paja lako peke yake. Sikiliza feni na uangalie kama kasi ya laptopu inashuka.

Wanaotumia bodi za alumini hulalamika pia kuhusu mtekenyo kwenye viganja laptopu ikiwa kwenye chaji. Chanzo ni chaja yenye waya wa nyaya mbili, isiyo na ethi (waya wa kwenda ardhini): kapasita, kijisehemu cha kuhifadhi chaji ndani yake, hupitisha mkondo mdogo sana hadi kwenye bodi. Mita ikiwekwa kati ya bodi na ethi inaweza kusoma karibu nusu ya volti 230, ingawa mkondo wenyewe ni mdogo. Tumia waya wenye nyaya tatu kwenye soketi yenye ethi ya kweli, na mtekenyo utaisha. Kwa chaja za Apple, kichwa kifupi cha pini tatu hakiunganishi ethi. Waya mrefu wa kuongezea ndio unaoiunganisha. Kama ni mshtuko wa kukurusha mkono, chomoa na usiitumie tena chaja hiyo.

Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja ana jambo moja zaidi la kuangalia. Hewa ya chumvi huitafuta magnesi pale rangi ilipokwaruzika, hasa kuzunguka skrubu za chuma, na unga mweupe hutokea. Ufute kwa brashi laini, kausha kabisa, kisha funika mkwaruzo kwa tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Alumini hustahimili zaidi, ila jasho la viganja hutoboa vijishimo vidogo kwenye ngozi yake kwa miaka. Kitambaa chenye maji kidogo kila wiki kinatosha. Dawa ya kung'arisha nguo, siki na ndimu visiguse bodi, kwani huila ile ngozi ya oksaidi, na ikishaliwa hairudi.