KaUPS ka ruta ka Luthuli: kazi kanafanya, lakini masaa nane ni uongo

Wale mnafanya kazi kutoka kwa nyumba mnajua vile stima hupotea katikati ya mkutano, bosi anaganda mdomo wazi kwa skrini na ukirudi na hotspoti ya simu washagawa kazi yote na wewe ndio umeachiwa ile mbaya. Sasa kuna hivi visanduku vidogo vya betri vya kushikilia ruta stima ikipotea, vinaitwa mini UPS, Luthuli Avenue ya Nairobi vimejaa, mi nilichukua kamoja kwa 2,800 na jamaa alikuwa ameanzia elfu nne.

Kutumia ni rahisi. Kenyewe kanaingia kwa soketi, ruta inaingia kwake, stima ikienda betri inashika hapo hapo na ruta haizimi kabisa, watu wa mkutano hata hawajui uko gizani. Kana tundu za volti 5, 9 na 12, so kabla ulipe geuza ruta usome stika ya chini. Nyingi ni 12 lakini si zote, na ukichomeka ya 9 kwa tundu la 12 unaweza ichoma.

Sasa hayo masaa. Boksi inasema nane. Wapi! Betri ni 8800 mAh sawa, lakini hiyo ni kwa volti 3.7 za seli za ndani, piga hesabu utapata kama wati-saa 32, na ruta ikikula wati 8 hayo ni masaa manne kwa karatasi, bado hujatoa ile inapotea ikipandishwa hadi 12. Yangu hufika tatu hivi. Na kama kisanduku cha fiba ni tofauti na ruta, vyote viwili vinakula betri hiyo hiyo.

Kitu muuzaji hatakuambia ni hii: kuna ploti intaneti hupitia swichi, kale kasanduku ka kugawia nyumba zote mtandao, iko kwa kabati chini ya ngazi, na hiyo swichi inategemea stima ya ploti. Ikizima, taa za ruta yako zitawaka vizuri sana na mtandao hakuna. Kwetu ilikuwa hivyo, tukachanga na majirani, fundi wa mtandao akakubali tuweke kaUPS kengine huko chini. Kwa hivyo uliza keateka kabla upande matatu ya tao.

Laptopu hakachaji, msijidanganye. Na hupata joto, so msikafunike na vile vitambaa vya kufuma vya mathe.

Nyota 4 kwa 5.