Southend na mama: pwani moja, safari mbili

Mama yangu amelima mwani Jambiani, Unguja, zaidi ya miaka ishirini. Mimi nimezaliwa hapo hapo, mchanga wa pwani nimeujua kabla ya kujua kusoma. Basi nieleze vipi kwamba watu kama sisi tulipanda treni asubuhi, tukaenda pwani ya watu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji yanakupwa au kujaa saa ngapi?

Ilikuwa Agosti 2025. Tulikuwa watano: mimi, baba watoto, watoto wetu wawili na mama. Wiki tatu tulikaa kwa kaka yangu Barking, mashariki ya London, na humo ndani tukaenda Southend-on-Sea mara mbili. Naandika haya kwa sababu tangu turudi kila mtu ananiuliza ilikuwaje, na wengine wana ndugu huko huko na wanapanga kwenda.

Viza kwanza, niimalize. Fomu inajazwa kwenye mtandao, lakini alama za vidole lazima mtu aende mwenyewe Dar es Salaam, kwa hiyo wa Unguja ongeza nauli ya boti na pa kulala. Tulilipa pauni 127 kila kichwa, na mtoto hana bei yake, analipa sawa na mtu mzima. Piga hesabu mara tano halafu ukae chini. Siku ya vidole, mashine ilikataa vya mama. Mwani na kamba za kuufungia vimekula ngozi yote, alama hazionekani. Yule kijana wa mashine alimfuta, akampaka mafuta, akajaribu tena na tena mpaka ikakubali. Mama akamwambia, "Mwanangu, hivi vidole ndivyo vilivyomsomesha huyu anayetaka kunipeleka Ulaya." Akamaanisha mimi. Sikusema kitu, maana ni kweli.

Kukaa kwa ndugu kunapunguza gharama, hilo halina ubishi, lakini usije ukadhani ndugu yako ana muda. Kaka anaendesha basi, zamu zake zinabadilika kila wiki. Wifi yangu anahudumia wazee, anaingia usiku na kurudi asubuhi wakati watoto wangu ndio wanaamka na kelele zao. Nyumba ni vyumba viwili. Sisi tulitandika magodoro sebuleni, yakikunjwa asubuhi ndipo panapatikana pa kupita. Siku tatu za mwanzo nilikuwa nasononeka moyoni: tumesafiri kote huku, na kaka tunamwona dakika kumi anapofunga viatu. Siku ya nne mama alikamata jiko. Akamwambia wifi, "Wewe mwanangu ukirudi kazini, kula ulale." Tukawa tunakwenda East Ham kununua muhogo, nazi na mchicha, na wifi akirudi anakuta chakula kimefunikwa. Msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mama hakusubiri apewe.

Zawadi tulizobeba: khanga, karafuu, ubuyu, achari, sabuni za mwani. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia kule, msijisumbue kuficha.

Sasa Southend. Kaka alipata Jumamosi ya mapumziko, tarehe 16, akasema twendeni bichi. Kutoka Barking treni ni kiasi cha dakika arubaini na kitu hadi Southend Central. Tukiwa tumesimama kituoni nikaona mwezi nusu, mweupe, umebaki angani asubuhi ile na jua limeshatoka. Nikamwonyesha binti yangu, tukaupiga picha. Mtu wa Jambiani, anayejua maji hufuata mwezi, anaupiga picha mwezi, halafu hajiulizi maji!

Treni ikishapita Benfleet inaanza kukaribia maji, na kuanzia Leigh-on-Sea hadi Chalkwell reli inapita ukingoni kabisa. Hapo ndipo mama alipoegemea dirisha. Mashua zilikuwa zimelala ubavu, zimekaa juu ya tope. Akasema taratibu, "Yamekupwa." Kaka akajibu, "Yatarudi, mama." Mama akamtazama kwa jicho ambalo sisi watoto wake tunalijua.

Tulipofika, ufuko upo, mchanga upo kidogo, na mbele yake ni tope la kijivu linakwenda na kwenda. Kwetu pia maji hupwa mbali, mtu wa Jambiani au Paje hashangazwi na hilo. Lakini kwetu yakipwa unabaki mchanga mweupe unaotembea juu yake mpaka kwenye mwamba. Hili tope linashika mguu. Mwanangu wa kiume alikwenda hatua kumi akarudi na kandambili moja, ya pili iko huko mpaka leo. Kuna vibao vya kuonya watu wasiende mbali, na vina haki, maana maji yakirudi kwenye tambarare kama ile hujaza mikondo nyuma yako wewe ukiangalia mbele. Watoto wa Kiingereza walikuwa wanacheza tu, matope hadi magotini, wana furaha zao. Wangu walikuwa wameahidiwa kuogelea.

Kilichotuokoa siku ile ni gati. Southend ina gati la matembezi ambalo ni refu kuliko yote duniani, kilomita 2.16, na lina treni yake yenyewe inayokwenda hadi mwisho. Kwenda kwa miguu ni nafuu kuliko kupanda treni. Mama na watoto walipanda, mimi na baba watoto tukatembea. Tulitembea na kutembea, chini yetu bado tope, ndipo nikaelewa kwa nini walilijenga refu vile. Gati la mwanzo la mbao lilifunguliwa 1830 kwa sababu meli hazikuweza kusogea ufukweni maji yakipwa, na la chuma lililopo sasa ni la 1889. Ni akili ile ile ya hoteli za mashariki ya Unguja zinazojenga magati marefu kufuata maji. Mojawapo ya treni za pale ina jina la David Amess, mbunge wao aliyeuawa 2021. Kaka anasema ni kwa heshima yake ndiyo Southend ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2022.

Mwisho wa gati kuna upepo. Narudia: upepo. Agosti, jua linawaka, na mama amevaa baibui, sweta la kaka juu yake, na khanga juu ya sweta. Upande wa pili unaiona Kent, na meli za makontena zinapita kuingia mto Thames. Kaka akatuonyesha kwa mbali milingoti inayotokeza majini: meli ya Kimarekani, Richard Montgomery, iliyozama 1944 na mabomu yake, na mengi bado yamo. Watoto waliacha kulalamikia kuogelea kwa nusu saa nzima.

Chakula kilikuwa samaki na chipsi. Ushauri kwa wanaojali: ulizeni mafuta kabla ya kuagiza. Maduka mengine hukaangia mafuta ya ng'ombe, na ng'ombe huyo hujui kachinjwa vipi. Tulipouliza tukaambiwa ni mafuta ya mimea, tukala. Samaki ni mzuri, mweupe, hana miiba, unga wake unavunjika kama kaimati. Mama alitafuta ukwaju, akapewa siki. Shakwe mmoja akashuka akachukua kipande cha samaki mkononi mwa baba watoto, mbele ya macho yetu, na mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Tukiwa tunangoja treni ya kurudi, mama akauliza maji yalikuwa yamekupwa kabisa saa ngapi. Kaka akaangalia kwenye simu: kama saa saba mchana. Mama akahesabu kwa vidole vile vilivyokataliwa na mashine. "Leo ni maji mafu, hayapwi wala kujaa sana, na yamekwenda mbali hivi. Bamvua lao, yanapopwa na kujaa kuliko siku zote, sijui likoje. Kama yamepwa saa saba leo, wiki ijayo saa saba yatakuwa yamejaa. Na mwezi wa Mfunguo Sita unaandama, litakuwa bamvua. Turudi Jumamosi." Kaka akasema hana mapumziko Jumamosi. Mama akasema basi tutakwenda wenyewe, treni tumeshaijua.

Kwa kweli kaka alibadilishana zamu na mwenzake. Na wifi, ambaye mara ya kwanza alikuwa amelala, safari hii akaja, ametoka kazini hajafumba jicho.

Tarehe 23 tulishuka Southend saa tano. Ile tambarare yote ya tope haikuwepo. Maji yalikuwa yanapanda, na ilipofika saa saba yalikuwa karibu na ukuta, mashua zote zimesimama zinacheza. Watoto waliingia wakapiga kelele, si za furaha tu, maji yale ni baridi hata Agosti. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, atakayetafuta buluu ya Nungwi asiende. Wifi alilala kwenye mchanga, khanga usoni, kwa muda wa saa mbili kamili, na hakuna aliyemwamsha. Huyo ndiye aliyefaidi likizo kuliko sote.

Adventure Island, uwanja wa mashine za michezo, iko pale pale kandoni mwa gati. Kuingia ni bure, unalipia kila mashine au unanunua bangili ya kupanda zote. Mpimeni mtoto urefu kabla ya kulipa, maana mashine kubwa wadogo hawaruhusiwi, na wangu mdogo alilia. Aiskrimu ya Rossi, ambayo wameanza kuitengeneza 1932, ilimnyamazisha. Ya limau ndiyo nzuri.

Vyoo vya umma havina maji ya kujisafishia. Bebeni chupa. Sala tulisali kwenye bustani za kilimani juu ya ufuko, tumetandika khanga, na watu walipita bila kutusumbua.

Jioni tukashukia Leigh-on-Sea kwa sababu mama alisikia wanauza kombe. Ni kweli, Leigh ya zamani ina vibanda vya wavuvi wa kombe, wanakupa kikopo zimeshachemshwa, unatia siki na pilipili nyeupe. Mama alikula moja, akatafakari. "Kombe zao nzuri. Wameziharibu kwa siki." Akanunua nusu kilo bila siki, na usiku ule Barking tulikula kombe za nazi na wali, saa nne usiku, wote tisa pamoja na watoto wa kaka, wifi akiwa ameomba ruhusa kazini.

Tulirudi Unguja kabla ya Maulidi, kama mama alivyotaka. Wiki iliyopita kaka alipiga simu jioni. Nilidhani kuna habari ya ugonjwa au pesa. Alisema, "Mpe mama. Nataka kuwapeleka watoto Southend Jumamosi, aniambie maji." Mama akatoka uani kuutazama mwezi.